Mdogo wangu asome digrii ya uuguzi kwa mkopo au diploma chuo cha serikali?

Mwalimu wa Njombe

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa manesi na wale mliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita CBG, kapata C Kemia, C Baiolojia na D Jiografia, na huyu mtoto tangu yuko darasa la tano anasema yeye atakuwa nesi, hajawahi kubadilisha. Sasa kuna njia mbili mezani. Ya kwanza digrii ya uuguzi chuo binafsi, ada milioni 3 na nusu kwa mwaka, miaka minne, na tukipiga hesabu kwa waliopita Bodi inaweza kumpa kama milioni 2 ya ada na bumu (hela ya kujikimu) juu, kinachobaki ni sisi. Ya pili diploma ya uuguzi na ukunga chuo cha serikali, miaka mitatu, ada ni ndogo sana na tunaweza kulipa bila kukopa popote.

Mzee ni mkulima wa mahindi na viazi, mimi ndio mwenye mshahara peke yangu na nina watoto wawili. Ndugu wote wanasema digrii, digrii, mtoto ana pointi zake unampelekaje diploma. Ila mimi mwenyewe nakatwa na Bodi kila mwezi najua inavyouma. Je digrii inalipa kiasi cha kutosha kubeba lile deni? Nisaidieni maana dirisha la maombi halisubiri mtu.

Mhasibu Halmashauri

Mwalimu pole na majukumu. Mimi naandaa mishahara ya watumishi, slipu za manesi nazipitia kila mwezi, ngoja nikupe hesabu. Nachukua namba nzima ili ufuatilie kirahisi, usizichukue kama ndio viwango vya serikali. Tuseme nesi wa diploma basic yake (mshahara kabla ya makato) ni laki 7 na wa digrii ni milioni 1.

Wa diploma asiye na deni: PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5 ni 35,000, kodi 49,000, bima ya afya asilimia 3 ni 21,000, chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 14,000. Anaondoka na 581,000.

Wa digrii mwenye deni: PSSSF 50,000, kodi 115,500, bima 30,000, chama 20,000, afu inakuja Bodi asilimia 15 ya basic, hiyo ni 150,000. Anaondoka na 634,500.

Kwenye karatasi wamepishana laki 3, mkononi wamepishana 53,500. Watu hawalioni hili mpaka slipu ya kwanza itoke, na nimeona vijana wanakuja ofisini kwangu wanadhani tumekosea mahesabu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalielewi, ukubwa wa deni haubadilishi makato ya mwezi. Awe anadaiwa milioni 5 au 20 ni asilimia 15 ile ile, kinachobadilika ni miaka. Kwa huyo mdogo wako milioni 2 ya ada na karibu milioni 2 ya bumu kila mwaka, mara minne ni milioni 16. Gawanya kwa 150,000 unapata miezi 106 na ushee, karibu miaka 9. Mshahara ukipanda na makato yanapanda kwa hiyo atamaliza mapema kidogo, ila ni miaka. Na bumu nalo ni deni jamani, 10,000 kwa siku, zikiingia za siku 60 mtoto anashika laki 6 anaona ni zawadi. Ahueni iliyopo ni ile asilimia 6 ya kutunza thamani waliyokuwa wanaongeza kwenye deni, ilifutwa mwaka 2021, zamani ilikuwa unalipa na deni linazidi kukua.

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Kaka yangu mwalimu, mimi nilianza na diploma na leo nina digrii, nakusimulia nilivyopita. Nilimaliza miaka mitatu, nikafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nikapata leseni, nikarudi nyumbani nikijua serikali inanisubiri. Haikunisubiri. Nilikaa mtaani mwaka na miezi minne, ndani ya huo muda nikafanya zahanati moja ya mtu binafsi, zamu za usiku tano kwa wiki na mshahara laki 2 na nusu, kuna mwezi walinipa nusu. Nililia sana kipindi kile ila sikuwa na mtu ananidai, na hilo ndilo lilinibeba maana nilikuwa naweza kuvumilia laki 2 na nusu bila kuwaza makato. Mwenzangu tuliyekuwa naye zamu alikuwa na digrii na deni, akapata kazi ya mshahara mdogo vile vile, na pale pale mwajiri akaanza kumkata asilimia 15. Yani kwenye huo huo mshahara wa kuungaunga.

Baadaye ajira za TAMISEMI zikatoka nikapangiwa kituo cha afya huko ndani ndani, barabara ikinyesha hupiti. Nilipothibitishwa kazini na kuingia kwenye mpango wa mafunzo nikaomba ruhusa nikaenda digrii huku mshahara unaingia. Sijakopa Bodi hata senti. Ila nisikudanganye, nilienda darasani nina mtoto wa miezi saba, na niliporudi kubadilishiwa kada kulichukua muda mrefu, nafanya kazi za afisa muuguzi nalipwa kama zamani. Lakini sijutii.

Na kitu kingine kaka, diploma nayo ina mkopo siku hizi, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha stashahada kwenye kada kadhaa, na baadhi ya kozi za afya zimo. Kama mnaweza kulipa wenyewe lipeni, ila angalieni kwenye mwongozo wa Bodi kama uuguzi umo, isije mahindi yakakataa.

Afisa Muuguzi Moro

Naheshimu waliotangulia ila naona mmembana sana binti kwenye hesabu ya miaka ya mwanzo tu. Mhasibu, hiyo 53,500 ni wakati deni lipo. Deni likiisha wa digrii anaondoka na 784,500, wa diploma 581,000, ni tofauti ya laki 2 na ushee kila mwezi, na mtu akiajiriwa na miaka 26 ana zaidi ya miaka thelathini ya kazi mbele. Hapo bado hujaweka kupanda daraja, kuwa metroni, kufundisha vyuoni, kwenda masta. Mimi nilisoma digrii kwa mkopo, nimekatwa nikamaliza, siku slipu ilipotoka haina mstari wa Bodi nilimpigia mama simu nikamwambia mama sasa ndio naanza kulipwa.

Na hiyo ya kujiendeleza baadaye wangapi wanafika? Darasa la diploma la dada yangu walikuwa wengi waliosema tutarudi, wameolewa, wana watoto, mwajiri anasema kituo kina manesi wawili ukiondoka nani anabaki. Mtoto ana C mbili za sayansi, umri ni mdogo, kichwa bado kina moto, huo ndio wakati wa kusoma.

Ila nakubaliana na nyie jambo moja, chuo binafsi cha milioni 3 na nusu ndicho kinachoniogopesha, sio digrii yenyewe. Mwalimu, hebu mwambie aombe kwanza vyuo vya umma, Muhimbili, UDOM, ushindani ni mkali lakini kuomba aombe. Ada ikishuka na deni linashuka, na ile milioni 1 na nusu ya kila mwaka ambayo mngetoa mfukoni inapungua. Maana hiyo nayo mmeisahau, mara minne ni milioni 6, na sare, saa, vifaa vya mazoezi hujaweka.

Mhasibu Halmashauri

Afisa umesema kweli, baada ya deni digrii inashinda, sikatai. Ila weka na muda. Digrii ni miaka minne na mwaka wa intanshipu wenye posho, jumla mitano. Diploma mitatu. Wa diploma akiajiriwa mapema, ile miaka miwili ni 581,000 mara 24, karibu milioni 14 zimeshaingia nyumbani wakati mwenzake bado hajaanza kazi. Akikaa mtaani kama dada hapo juu hiyo faida inayeyuka. Kwa hiyo mwalimu swali lako kubwa ni moja tu, nyumbani kwenu mnaweza kukaa miaka mitano bila kutegemea chochote kutoka kwake?

Mwalimu wa Njombe

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nimemsomea na mdogo wangu kwa sauti. Asanteni sana, sana. Hiyo milioni 6 ya mfukoni kweli sikuwa nimeiweka pamoja, nilikuwa naiona kwa mwaka mwaka. Na swali la mhasibu jibu lake ni hapana, mzee ana miaka 67 na mgongo umeanza kukataa jembe.

Tumekubaliana hivi, anaomba digrii vyuo vya umma tu, na papo hapo anaomba diploma chuo cha serikali. Akipata digrii ya umma tutaona mkopo unafika wapi. Asipopata anaenda diploma, binafsi tumeifuta. Mwenyewe amesema akikosa Muhimbili hana shida, anachotaka ni wodi ya wazazi. Dada Nesi, mdogo wangu anauliza, ukienda kwenye mazoezi mwaka wa kwanza wanawaruhusu kuingia chumba cha kujifungulia au mpaka mwaka wa pili?

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Mwambie mdogo wangu mwaka wa kwanza sisi tulianzia kutandika vitanda, kupima joto na presha, kuogesha wagonjwa. Leba ilikuja baadaye. Aanze kuzoea kusimama muda mrefu na atafute viatu vyeupe vya soli laini, vile vya bei rahisi vinaua miguu.