MJADALA: Sinema ya Korea Kusini inatetea mapenzi ya haramu, au inayaadhibu?

Wadau, filamu ya Kikorea yenye mapenzi yaliyokatazwa ikitajwa tu, lawama ni ileile: inaharibu maadili. Napinga. Sinema hiyo imekuwa kali kuliko hata sheria ya nchi yake, na ukali wenyewe umemwangukia mwanamke.

Sheria ya jinai ya 1953 ilimpeleka mzinifu jela hadi miaka 2, na kwenye karatasi haikubagua: mume, mke au hawara, wote walikuwa hatarini. Sasa tazameni Madame Freedom ya 1956. Mke wa profesa anapata kazi dukani, anazoea kumbi za dansi, anaonja mapenzi ya nje. Mwishowe analia kwenye theluji, amefungiwa nje ya nyumba yake. Mumewe naye moyo ulikuwa umeshamtoka kwa binti mpiga chapa aliyekuwa akimfundisha sarufi, lakini yeye yuko ndani, na ndiye hakimu!

The Housemaid ya Kim Ki-young, 1960, ndiyo inayonikera zaidi, ingawa ni filamu kali mno. Mwalimu wa muziki anampa mimba msichana wa kazi, na nyumba nzima inaangamia. Ghafla tunaambiwa kumbe ni habari ya gazetini, na mwigizaji anatugeukia akicheka na kuwaonya wanaume. Onyo ni la wanaume, sawa, ila hatari waliyoonyeshwa ina sura ya msichana.

Mtasema hayo ya zamani. Haya, Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uzinzi Februari 2015, majaji 7 kwa 2, baada ya kulibakiza mara 4. Mwaka uliofuata, katika The Handmaiden ya Park Chan-wook, wanawake wawili wanapendana na wanapanda meli wakiwa hai, tena wanacheka. Nikadhani mambo yamegeuka.

Lakini Kim Min-hee, mwigizaji wa mmoja wa wanawake hao wawili, alikiri hadharani Machi 2017 kwamba anapendana na mwongozaji Hong Sang-soo, mume wa mtu. Mwezi mmoja nyuma tamasha la filamu la Berlin lilikuwa limempa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Kwao alisemwa vibaya, na tangu hapo tunamwona karibu katika filamu za Hong tu. Hong anaendelea kuongoza.

Kwa hiyo mnaosema filamu hizi zinapotosha, nitajieni moja tu ya kabla ya 2000 ambamo mke anatoka nje ya ndoa na kubaki na furaha yake. Mimi sijaiona.