Kwa nini 6/8 na 9/12 ni sehemu zilizo sawa?

Swali

Ndugu zangu, ninamsaidia mwanangu kujifunza sehemu zilizo sawa, nami nimekwama mahali nilipodhani napafahamu vyema. Nilifundishwa kwamba ukizidisha kiasi na asili, yaani namba ya juu na namba ya chini, kwa namba ileile, unapata sehemu iliyo sawa na ile ya kwanza, na kwa njia hiyo tumepata 8/12 kutoka 2/3 bila taabu. Lakini zoezi moja linasema 6/8 na 9/12 ni sawa, ilhali hakuna namba nzima inayozidishwa kwa 6 ikaleta 9. Mwanangu alijumlisha 3 juu na 4 chini, akapata 9/12, kisha akaniuliza kama kujumlisha nako kunaruhusiwa. Sikuwa na jibu. Naomba mnieleze sababu, si kanuni peke yake.

Jibu la 1

Chukueni ukanda wa karatasi, mkunje katika mafungu manne yanayolingana, kisha mpake rangi matatu. Hiyo ni robo tatu, na jina lenyewe linaeleza mambo mawili: "robo" ni aina ya kipande, na "tatu" ni hesabu ya vipande hivyo. Sasa gawanyeni kila robo katikati kwa mstari. Ukanda mzima una vipande 8, vyenye rangi ni 6, nanyi mmepata 6/8. Chukueni ukanda mwingine uliopakwa vilevile, mgawanye kila robo mara tatu, na hapo vipande vitakuwa 12, vyenye rangi 9. Rangi haikuongezeka wala kupungua. Vipande vimekuwa vidogo zaidi, na kwa kiwango hichohicho vimekuwa vingi zaidi.

Kwa hiyo msitafute njia ya moja kwa moja kutoka 6/8 hadi 9/12. Rudini kwanza kwenye 3/4 kwa kugawanya 6 na 8 kwa 2, kisha zidisheni 3 na 4 kwa 3.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu, ila ningependa swali la mtoto lisipite hivihivi, kwa sababu aliona jambo la kweli. Kujumlisha namba ileile juu na chini huharibu thamani: 1/2 ukiijumlishia 1 juu na 1 chini inakuwa 2/3, ambayo ni kubwa kuliko nusu. Yeye hakufanya hivyo. Alijumlisha 3 juu na 4 chini, na 3/4 ni sawa na 6/8 yenyewe, kwa hiyo kwa kila vipande vinne alivyoongeza, vitatu vilikuwa na rangi, na uwiano ukabaki ule ule. Mwambie aendelee: 12/16, 15/20, 18/24, na kadhalika bila kikomo.

Jibu la 3

Mkitaka kuhakiki haraka, zidisheni kiasi cha kila sehemu kwa asili ya nyingine: 6 × 12 ni 72, na 9 × 8 ni 72 pia. Njia hii inafaa kwa kuwa kimsingi mnazipa sehemu zote mbili asili moja, 8 × 12, yaani 96, na kila moja inakuwa 72/96.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Tumepaka rangi ukanda, na amelielewa. Limebaki moja: tumepewa 51/68 turahisishe, nasi hatuoni namba inayogawanya zote mbili. Tumejaribu 2, 3 na 5 bila mafanikio.

Jibu la 3

Toeni namba ndogo katika kubwa, kwani namba yoyote inayogawanya zote mbili lazima igawanye pia tofauti yake. Njia hii ya kutoa inapatikana katika maandishi ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeishi takriban miaka 300 kabla ya Kristo. 68 kutoa 51 ni 17. Je, 17 inagawanya 51? Ndiyo, mara 3, na inagawanya 68 mara 4. Basi 51/68 nayo ni 3/4, na ukanda mliokwisha kuupaka rangi unatosha kuionyesha.