Yeh Dosti kwenye harusi: sauti ya Kishore niichukue mimi au mwenzangu?

Mwana wa Kibokoni

Assalam aleikum jamani. Nina swali na nataka jibu la watu wanaojua. Mtoto wa rafiki yangu yuwaoa mwezi ujao, na babake bwana harusi ameniomba ule usiku wa wanaume tuimbe sisi wawili ile Yeh Dosti ya filamu ya Kihindi Sholay. Mimi na yeye tumejuana tangu chuoni, twasoma juzuu moja, jioni twaenda kwa jirani mwenye deki ya video, watu chumba kizima mpaka dirishani, na hii nyimbo ikifika hakuna mtu akohoa. Tulikuwa twaiimba njia nzima mpaka Mwembe Tayari.

Baadaye tukafungua biashara pamoja ikaharibika, pesa zikapotea, kila mmoja akasema ni mwenzake. Miaka 6 hatukusemeshana, twapishana Digo Road kila mtu aangalia upande wake. Tulikuja kupatana kwenye matanga ya mamake, hakuna aliyetupatanisha, nlikwenda tu nikabeba jeneza naye akaniona. Kwa hivo hii nyimbo kwangu ni kitu kikubwa, sitaki kuiharibu.

Sasa, nani aimbe nani? Mimi sauti yangu ni nzito, yake iko juu, na nlikuwa najua mwimbaji Kishore Kumar ndiye aliyemwimbia mwigizaji Amitabh. Halafu mjomba mmoja amesema tusithubutu, ati nyimbo ina nuksi kwa sababu mmoja wa wale marafiki wawili wanaoiimba afa kwenye filamu. Na maneno tumeyashika kwa masikio tu, maana yake hatuyajui vizuri. Nisaidieni.

Kaseti za Zamani

Wa aleikum salaam. Hapo kwa Kishore wengi hukosea, kwa sababu Kishore alimwimbia sana Amitabh kwenye filamu nyingine. Kwenye Sholay ni kinyume: Kishore Kumar ni sauti ya mwigizaji Dharmendra, yaani yule Veeru wa filamu, na Manna Dey ndiye Amitabh, yaani Jai. Ukitaka kuhakikisha sikiliza ile ya pili, ya majonzi, fupi, Jai akisha kufa. Hiyo aimba Kishore peke yake, kwa sababu aliyebaki hai ni Veeru. Mimi nimeisikiliza hii nyimbo tangu utotoni na hilo nililijua nikiwa mtu mzima, na tangu siku hiyo siwezi kusikia ile ya furaha bila kungoja sauti ya Manna Dey, kwa sababu najua itakuja kunyamaza.

Muziki ni wa R.D. Burman, maneno ya Anand Bakshi, filamu ilitoka Agosti 1975. Hao waimbaji wawili hawafanani kabisa na ndio utamu wenyewe. Manna Dey alisomea uimbaji wa kikale wa Kihindi, sauti yake imetulia, haina haraka. Kishore hakupita kwa ustadh, aicheza nyimbo, aitupa, aidaka. Kwa hivo msigawane kwa nzito na nyembamba. Angalieni tabia. Kati yenu nani ndiye wa maneno mengi, nani ndiye mkimya? Mwenye maneno mengi apewe Kishore.

Binti Makupa

Maana nitakupa mimi, nimekulia na majirani Wahindi na Kihindi nakielewa. Dosti ni urafiki. Kiitikio chasema urafiki huu hatutauvunja, tutavunja pumzi lakini ubavuni mwako sitoki. Kuvunja pumzi kwa Kihindi ni kufa, na neno la kuvunja ni lile lile alilolitumia mtunzi kwa urafiki, ndio uzuri wake. Na hapa Kiswahili chetu chamfikia sawasawa, kwa sababu sisi twasema kukata roho na twasema kukata urafiki. Yaani: tutakata roho, urafiki hatuukati. Ukiiimba huku ukilijua hilo utaiimba tofauti, wallahi.

Kisha kwenye beti yuasema ushindi wangu ni wako, kushindwa kwako ni kwangu, watu watuona wawili lakini sisi si wawili. Na kuna mahali pamoja nataka upasikilize sana: yuamwomba Mungu wasije wakatengana wala wasije wakakasirikiana. Neno analolitumia ni dua, hiyo hiyo dua yetu. Sasa hiyo nuksi iko wapi? Mwambie mjomba ile ni dua. Na kwa nyinyi mliokaa miaka 6 mmenuniana sioni maneno mengine yanayowafaa zaidi ya hayo.

Mzee wa Tudor

Mimi nakubaliana na mjomba, mnisamehe. Si mambo ya nuksi. Nlikuwa na rafiki, tuliiona Sholay pamoja tukiwa vijana, tukatoka sinema tumeshikana mabega kama wale. Amefariki. Nikiisikia hiyo nyimbo leo sioni ile pikipiki wanayoipanda wakiiimba wala kile kiti chake cha pembeni, naona kaburi lake tu. Kwenye hiyo harusi kutakuwa na wazee kama mimi. Fikirieni na hao.

Mpiga Kinanda

Mzee pole sana, Mungu amrehemu. Lakini nafikiri kuna njia ya katikati na ni njia ya hapa hapa Mombasa. Taarabu yetu imechukua tuni za filamu za Kihindi miaka na miaka ikazitilia mashairi ya Kiswahili, Juma Bhalo, Mungu amrehemu, ndiye aliyesifika kwa hilo, na watu walikuwa wakilia kwa maneno yake, hakuna aliyekuwa akiwaza filamu. Basi imbeni kiitikio kwa Kihindi kwa sababu kila mtu atakiitikia, halafu beti mtunge zenu, mbili zatosha, moja yako moja yake. Muwatie na bwana harusi na babake humo ndani. Hapo itakuwa ni nyimbo ya hiyo nyumba.

Na mambo ya kazi: msiimbe juu ya rekodi ya asili, ile yaenda mbio kwa sababu ni nyimbo ya pikipiki, pumzi itawaishia. Chukueni kinanda na tabla, mdundo urudi nyuma kidogo. Kiitikio pamoja, beti kila mtu yake, na mwenzako akiimba wewe nyamaza kabisa usimfuate kwa chini, watu wengi huharibu hapo. Kii, yaani kimo cha sauti, muishushe mpaka yule wa juu aweze kuishika bila kupiga kelele.

Mwana wa Kibokoni

Nimesoma yote, Mungu awalipe. Mzee wa Tudor, maneno yako nimemsomea mwenzangu kwenye simu akanyamaza, akasema na huyo mzee tumwalike. Kama uko tayari niambie.

Jana usiku tumejaribu barazani kwangu. Yeye ndiye Kishore, hilo halikuwa na ubishi, mimi Manna Dey. Kiitikio kilikwenda vizuri. Tulipofika pale pa dua, nlikuwa nishamweleza maana yake kama alivyoeleza Binti Makupa, akaanza akakatika katikati, akaomba maji. Tukakaa. Hatukuzungumza mambo ya duka, hatujawahi kuyazungumza, lakini alinishika goti akasema tuanze tena kutoka juu. Ya tatu ndiyo tuliyoimaliza.

Beti yake ameshaitunga, yangu imekwama mstari wa tatu. Mpiga Kinanda, nimekutumia mesej, ukipata nafasi wiki hii baada ya isha njoo Kibokoni utusikilize, chakula cha usiku kiko.