Tupeane uzoefu: siku ya mwisho ulipomaliza kujitolea kituo cha watoto nje ya nchi

Mwana wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi habari za jioni. Mdogo wangu anamaliza mwezi ujao kujitolea kwenye kituo cha kulelea watoto huko Malawi, jana kanipigia analia, hajui atawaagaje wale watoto, nami nikakosa cha kumwambia maana mwenyewe lilinishinda. Waliopitia naombeni mseme mlifanyaje. Naanza mimi.

2016 nilikaa miezi mitano Mocímboa da Praia, Msumbiji. Kwa sisi wa huku sio mbali, unashuka Kilambo unavuka Ruvuma unapita Palma umefika, na wengi tuna ndugu ng'ambo. Kireno sikuwa nacho hata cha kuombea maji ila Kimwani, lugha ya pwani ile, ukitega sikio unakuta maneno mengi ni yetu, wiki ya pili tu nlikuwa napiga stori na watoto. Kazi yangu ya usiku ilikuwa kuwashushia neti, vitanda kumi na moja, unachomeka chini ya godoro pande zote, na wa kitanda cha mwisho, alikuwa na miaka kama saba, lazima nimrudie mara ya pili kukagua kona ya miguuni.

Mlezi mmoja alinishauri nisiwaambie mapema kwamba naondoka wasije wakalia wiki nzima. Nikamsikiliza, nikasema jioni ya mwisho tukiwa tunakula. Hakuna aliyelia, nikajua limepita salama. Naingia na tochi kushusha neti nakuta zote zimeshashushwa, yule wa miaka saba kazunguka vitanda vyote peke yake, nyingine kachomeka hovyo hovyo, ya kwake kaifunga kona ya miguuni kwa kamba ya kiatu, mafundo matatu. Kajifunika shuka gubigubi. Nikamwita hakuitika, na yuko macho maana vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Hapo ndo nikatamka neno linaloniuma mpaka leo, nikamwambia mwakani msimu wa korosho ukianza nipo hapa.

Mwakani yenyewe ndo 2017, na Oktoba 5 Mocímboa ikavamiwa. Tukadhani ni jambo la siku mbili tatu. Agosti 2020 wapiganaji wakauchukua mji, ukaja kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Sikwenda. Kila nikisikia kuna watu wamevuka Ruvuma naulizia watoto wa kituo, imepita miaka ndo naambiwa walihamishiwa Pemba, ule mji wa Msumbiji sio kisiwa chetu, wote wazima, nikakaa chini pale pale barabarani.

Mama wa Mtanda, Lindi

Pole sana mwanangu. Mimi sijaenda nje, nimekuwa mlezi kwenye kituo hapa Lindi miaka tisa na wageni wa nje ndo wanakuja kwetu, kwahiyo nakueleza yale ambayo mwenye kuondoka hayaoni. Mgeni akishapanda basi, asubuhi yake kuna watoto wanaenda kukaa getini. Kuna mmoja alikuwa keshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Na anayewaumiza kuliko wote ni yule anayetoka alfajiri wamelala, mtoto akiamka anatafuta mpaka uvunguni. Hawa watoto washaachwa na watu bila kuagwa, wewe usiwe mwingine.

Sisi sasa tunachora vijistari kumi na vinne ukutani kwa chaki, kila jioni mtoto mmoja anafuta kimoja. Wanalia kati kati huko, siku yenyewe ikifika wanamsindikiza hadi stendi wanaimba. Na kila kazi ya mgeni tunaikabidhi kwa mtu mbele ya macho yao, kama alikuwa anamsuka binti kila Jumapili basi Jumapili ya mwisho anakaa na mlezi atakayemsuka, wanasuka wote wawili. Mwambie mdogo wako aanze leo, mwezi unatosha.

Jingine nalisema kwa uchungu, wengi wa watoto wetu wana bibi au mjomba, umaskini tu ndo umewaleta. Mgeni wa wiki mbili anayekuja kubeba watoto na kupiga picha angetusaidia sana kama nauli yake ingempeleka mtoto kwa bibi yake Nachingwea akaishi naye.

Kijana wa Masasi

Shikamoo mama. Mimi nilikuwa Ujerumani mwaka mzima kwa weltwärts, programu ya Wajerumani ya vijana wa kujitolea, kituo cha watoto na vijana. Kule wengi wana wazazi hai ila ofisi ya ustawi imewatoa nyumbani kwa muda, kwahiyo habari za kuagana wanazijua kuliko mimi. Tarehe yangu ya kuondoka iliandikwa kwenye kalenda ya jikoni tangu siku niliyofika! Kuna binti aliniomba namba ya simu nikakatazwa kumpa, mawasiliano yapitie kituoni, kiukweli niliona ni roho mbaya. Leo namshukuru aliyenikataza, barua zinapita kituoni na Krismasi najibiwa, sijamwahidi mtu kitu nje ya uwezo wangu.

Mwana wa Shangani, Mtwara

Shikamoo mama, nimemsomea mdogo wangu maneno yako kwenye simu neno kwa neno, kaenda kutafuta chaki. Kijana wa Masasi asante.

Kuna kitu sikumalizia. Mwaka jana nilipata namba ya mlezi mmoja aliyeko Pemba, nikapiga, akasema subiri kuna mtu hapa. Nikasikia sauti nzito ya kijana, sikuijua. Hakunisalimia wala hakujitaja jina, aliuliza tu, korosho huko kwenu zimeanza?