Mita mpya, hita haipashi: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Wakuu, salaam. Mafundi wa shirika la umeme wamekuja kubadilisha mita, wakawasha meni swichi, wakaona taa zinawaka, wakaaga. Usiku maji ya kuoga yakawa baridi. Breka haijaruka, ila taa ndogo ya hita imezima kabisa. Kumbe mita ya zamani ilikuwa ya bei mbili, ya mchana na ya usiku iliyo nafuu, na hita ilikuwa na waya wake uliopata umeme usiku tu. Mita mpya ni ya bei moja, kwa hiyo ule waya wameuzungushia tepu nyeusi wakausukuma nyuma ya kibao. Fundi wangu ndiye aliyeubaini. Sasa maji yanapata moto, lakini kwa bei ya mchana. Nanyi yaliyowakuta yamwageni hapa.

Sumaku:
Pole mkuu. Mie nina fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, na hita ya papo kwa papo isiyo na tangi. Ikawa inatoa maji ya uvuguvugu tu, na kila mtu akasema ni chokaa kwenye elementi. Tulipopima kwenye boksi la breka, fezi mbili zilisoma volti 230, ya tatu hakuna kitu. Skrubu moja ya mita haikukazwa! Sehemu kubwa ya moto ilikuwa imepotea hapo hapo.

Mama Wawili:
Afadhali yako. Kwangu hita ya chumbani ikiwaka, taa za upande mmoja zinafifia, za upande wa pili zinang'aa kupita kiasi. Chaja zikaungua, televisheni ikafuata. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ilikuwa imelegea. Jamani, mkiona hivyo zimeni meni swichi na mpige simu ya dharura saa hiyo hiyo. Na msikate sili ya mita wenyewe, hata kama fundi wenu ni hodari.

Chumvi Kidogo:
Tusiisingizie mita kila kitu. Taima yangu ya hita haina betri, kwa hiyo umeme ulipozimwa nayo ikasimama. Nimerudisha saa, basi.

Kijiko:
Mie hita inapasha vizuri, kilichopanda ni bili. Mita ina rejista mbili, yaani hesabu ya mchana na ya usiku, nikawa nazisoma asubuhi na jioni. Ile iliyoandikwa usiku ilikuwa inapanda mchana! Walizipindua. Kwa mwenye tangi hilo si jambo dogo: kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula karibu yuniti 7. Ukisoma mwenyewe huwezi kukosa kuliona.

Sumaku:
@Kijiko walikurudishia hela?

Kijiko:
Bado tunaandikiana barua.

Ndimu:
Yangu inakata yenyewe kila hita na jiko vikiwaka pamoja. Hita ya kilowati 3 peke yake inavuta ampea 13. Nimeambiwa mita mpya imewekewa kikomo cha umeme, na kukipandisha ni mpaka niombe kwa maandishi.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni wadau. Nami shirika lilitaka nilipie safari ya pili ya mafundi wao. Nikawaonyesha picha ya mita ya zamani, waya wa hita unaonekana umeingia kwenye tundu lake la pembeni. Ada ikafutwa. Mwenye miadi ya kubadilishiwa apige picha kabla kifuniko hakijafunguliwa, na wasiondoke hita haijawashwa mbele yao.