Nyaya zimechubuka kwenye tundu la fremu: nizungushie kinga tu, au nikate?

KizotaFundi

Wakuu, habari za mchana. Helikopta ya injini moja ya tabaini, iko ukaguzi wa saa 100 hapa Dodoma. Nyuma ya viti vya abiria kuna tita la nyaya kama 18 linapita kwenye tundu la fremu kwenda mkiani. Grometi (pete ya mpira ya kukinga ukingo wa tundu) imechomoka na kuning'inia kwenye nyaya, na tita limelalia ukingo wa tundu. Nyaya nyingi zinang'aa tu upande mmoja, lakini mbili ganda limelika. Mmoja unaonyesha rangi ya tabaka la ndani, wa pili ukimulika vizuri unaona shaba. Rubani naye ameandika kwamba geji ya mafuta inarukaruka.

Maswali yangu:
1. Nikirudisha grometi na kuzungushia kinga ya plastiki ya msokoto, inatosha?
2. Breka (swichi zinazokata umeme zenyewe ukizidi) hazijaruka hata moja. Ina maana hakuna shoti?
3. Sehemu gani nyingine nifungue kabla sijafunga paneli?

Natanguliza shukrani.

Mzee wa Mega

Mdogo wangu, usizungushie chochote kwanza. Kinga juu ya waya uliokwisha kuumia ni shuka juu ya kidonda: fundi ajaye ataona plastiki safi na kupita.

Anza na namba 2, ndiyo ya hatari. Breka ya kawaida ya ndege hufanya kazi kwa joto. Imewekwa kulinda waya usipitishe mkondo mkubwa kwa muda. Waya uliochubuka kwenye helikopta haugusi fremu moja kwa moja. Unagusa na kuachia kwa mtetemo. Kila mguso ni cheche fupi mno, breka haiwahi kupata joto la kuruka, lakini pale penye cheche panaungua na ganda linageuka masizi. Masizi yanapitisha umeme. Nyaya zenye ganda la polimaidi (zile za rangi ya kaharabu iliyoiva, Kapton) ndizo mbaya kuliko zote kwa hilo: likipasuka na kupata unyevu, cheche inaweza kutembea juu ya ganda na kuunguza majirani zake. Kwa hiyo breka kutoruka hakukuambii kitu. Na ikiruka, usiirudishe mpaka sababu ijulikane. Kuibonyeza tena na tena ni kuchochea jiko.

Geji kurukaruka nayo ni dalili. Kwenye mfumo wa kipimo cha ukinzani, waya wa ishara ukigusa bodi geji inasoma uongo kwa ule muda wa mguso. Fuatilia namba iliyochapwa kwenye waya ulioonyesha shaba, ulinganishe na mchoro wa umeme. Usibahatishe kwa rangi.

Utaratibu wa kuangalia:

Zima kila kitu, chomoa plagi ya betri, ning'iniza kibao cha onyo. Safisha kabla ya kukagua: mashine ya kufyonza vumbi na brashi laini. Usipulize kwa kompresa. Upepo unasukuma mchanga na vipande vya alumini ndani ya tita na ndani ya plagi, na huko havitoki tena. Kama ndani kuna kazi ya kutoboa au kung'oa riveti, funika nyaya kwanza.

Kisha tochi. Imulike kwa pembeni, karibu ilale sambamba na waya. Ukimulika wima, mng'ao unajificha. Kioo kidogo cha mkono kwa upande wa nyuma, na lenzi ya kukuza mara 10 kwa kila sehemu unayoitilia shaka. Usiangalie waya peke yake, angalia na chuma kinachoukabili: alumini iliyong'arishwa, kamfereji kembamba, au unga wa kijivu na mweusi uliokusanyika chini. Mara nyingi fremu husema kabla ya waya.

Na usilikunje tita ili uone vizuri. Ganda la zamani lililokauka linapasuka kwa kukunjwa, utatengeneza ugonjwa ambao haukuwepo.

ChamwinoRota

Shikamoo mzee. Naongezea kuhusu kwa nini inatokea, maana bila hilo grometi mpya itachomoka tena.

Chukua Bell 206. Rota kuu huzunguka takriban mara 394 kwa dakika, mapanga mawili. Hiyo ni mitikisiko kama 13 kwa sekunde. Kwa saa 100 inapita milioni 4.7. Waya unaosogea hata nusu milimita kila mtikisiko ni msumeno. Kwa hiyo swali si "niweke kinga gani", swali ni "nani kauachia waya usogee". Ukifuatilia tita hilo pande zote mbili za tundu, naamini utakuta klampu iliyolegea, iliyokatika, au saizi kubwa kuliko tita. Grometi haikuumbwa kubeba uzito. Kazi ya kubeba ni ya klampu. Grometi ni ya akiba tu.

Vipimo vya waraka wa FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) AC 43.13-1B, ambavyo hutumika pale manuali ya mtengenezaji iliponyamaza (manuali ikisema tofauti, yenyewe ndiyo sheria):

- Klampu hadi klampu isizidi sentimita 61. Kwenye eneo la mtetemo punguza.
- Ukibonyeza tita kwa mkono mwepesi katikati ya klampu mbili, lisibonyee zaidi ya milimita 13.
- Tita likiwa chini ya milimita 6 kutoka ukingo wa tundu, lazima grometi. Likiwa mbali zaidi ya hapo, klampu pekee inatosha.
- Nusukipenyo cha kona ya tita kisipungue mara 10 ya kipenyo cha waya mnene kuliko wote ndani yake.
- Kebo za usukani: nafasi ya sentimita 7.5. Pima huku mwenzako akisogeza usukani mwisho hadi mwisho, maana kebo ikiwa katikati kila kitu huonekana sawa.

Klampu sahihi unaijua hivi: ukivuta tita taratibu kwa urefu halitelezi, na ukitazama nyaya hazijabonyea. Angalia mpira wake pia. Ukishalika, kinachoshika waya ni bati, na bati lina ukingo. Klampu inayolinda inageuka kisu. Angalia pia kama mpira haujabanwa katikati ya midomo ya klampu. Hapo boliti inaonekana imekaza lakini tita limelegea.

Zuzu77

Hivi kwa waya ule mmoja ambao shaba haijaonekana, tepu ya silikoni ile inayojishika yenyewe haifai? Nimeona mahali inatumika.

Mzee wa Mega

Inafaa ikiwa manuali ya hiyo helikopta inairuhusu kwa uharibifu wa kiwango hicho, na ikiandikwa kwenye logi. Vinginevyo hapana. Tepu nyeusi ya PVC ya dukani ndiyo usiiguse kabisa: gundi inayeyuka kwa joto, ncha zinafunguka, vumbi linaganda, na ikiungua inatoa moshi wa sumu ndani ya kabini.

Nagawa hivi. Ganda linang'aa tu, halijapungua unene wa kuonekana: ondoa chanzo, acha waya, andika ili ukaguzi ujao uangaliwe. Tabaka la juu limekwisha na la ndani linaonekana: rekebisha kwa njia ya manuali, na kama waya huo unaenda kwenye tangi la mafuta au kifaa cha lazima kwa safari, mimi nabadilisha kipande. Shaba inaonekana: kata. Nyuzi za waya mwembamba zikikwaruzwa, huwezi kujua zilizobaki zina uhai gani.

Kama ni kuunga, tumia kiungio cha kubana kilichozibwa dhidi ya unyevu, kwa koleo la krimpu lenye meno ya kujifungua lenyewe baada ya kubana kikamilifu, tena lenye cheti cha kupimwa ambacho hakijaisha. Usichomelee kwa risasi. Risasi inanyonywa ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama fimbo, na mwanzo wa ugumu ndipo mtetemo utakapoukatia. Kiungio kimoja tu kwa kipande cha waya kati ya plagi na plagi. Kisiwe ndani ya sentimita 30 kutoka mwisho wa waya, kisikae chini ya klampu, kisiwe ndani ya tundu la fremu. Kwako zinaungwa nyaya mbili, basi vipishane. Vikikaa bega kwa bega tita linatuna na kupata mahali papya pa kusuguana.

KizotaFundi

Nashukuru mzee. Baada ya hapo nipime na mega (kipimo cha ukinzani wa ganda la waya) ya volti 500?

Mzee wa Mega

Jina langu lisikudanganye, mega ina upofu wake. Waya ulio uchi ambao kwa wakati huo haugusi kitu utasoma vizuri kabisa, kwa sababu volti 500 haziruki hata milimita moja ya hewa kavu. Kwa hiyo jicho na lenzi kwanza, mega baadaye.

Ukipima, chomoa pande zote mbili. Sanduku lolote la elektroniki likibaki limeunganishwa unalichoma. Na nyaya za geji ya mafuta usizipige mega zikiwa zimeungana na tangi. Kuna mvuke humo. Tenganisha mpaka uwe na uhakika ncha zote ziko hewani, nje ya tangi, au fuata njia nyingine iliyotajwa kwenye manuali. Kwa shoti ya kugusa na kuachia, mita ya kawaida kwenye ukinzani huku mwenzako akitikisa tita taratibu klampu baada ya klampu itakuonyesha mahali.

ChamwinoRota

Namba 3. Hapa kwetu vumbi ndilo linabadilisha orodha. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ya Dodoma, Manyoni mpaka Singida ni kavu, na helikopta ikitua uwanjani kijijini inajimwagia wingu lote yenyewe. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko ganda la waya na kuliko alumini. Zikiingia kati ya waya na klampu zinakuwa msasa. Zikichanganyika na tone la mafuta ya haidroliki zinakuwa kama ile dawa ya kusugulia vali. Halafu mvua za kwanza za Desemba zinaligeuza vumbi hilo tope, na tope linapitisha umeme.

Ningefungua hizi:

Chini ya sakafu ya rubani, hasa pale waya za mshikio wa usukani zinapotoka na kukunjika kila unaposogezwa. Mzizi wa mkia: bodi na mkia hutikisika tofauti, na nyaya ziko katikati ya ugomvi wao. Waya wa taa ya kutulia inayozunguka, nyoosha taa mpaka mwisho uone kama waya unavutwa. Ndoano ya mizigo kama ipo. Bawaba za milango. Nyuma ya paneli ya geji, kule redio ziliongezwa baadaye. Nyaya za nyongeza ndizo huwekwa kwa haraka kuliko zote. Na sehemu ya betri, kwa asidi na kwa kebo nene zinazolalia ukingo.

Tai za plastiki pia. Ncha iliyokatwa mshazari ni wembe: inakata vidole vyako na inakata tita la jirani. Ikate sawa na kichwa chake, ikiwezekana kwa koleo la tai lenye kipimo. Na usizitumie badala ya klampu, wala karibu na injini kwenye joto.

Kuhusu ile kinga ya msokoto: siipingi, ila inakusanya mchanga ndani yake. Ukiiweka, kila ukaguzi ifunguliwe. Fundi asiyekuwa tayari kuifungua asiiweke.

Zuzu77

Swali dogo. Grometi mpya nitaipitishaje bila kuchomoa plagi yenye pini 40?

ChamwinoRota

Ipasue, inaruhusiwa. Mpasuo uwe wa mshazari, nyuzi 45, na uuelekeze juu ya tundu, kwa sababu tita hulala chini. Kisha igundishe kwa gundi inayokubalika. Ukiuacha mpasuo chini, waya utaingia humo humo na kukuta chuma. Kabla ya kuipachika, pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. Kama una kijino, ondoa kwa kitambaa cha msasa laini, lakini tita likiwa limefunikwa, na ufyonze unga wote.

KizotaFundi

Nimeelewa. La mwisho: mbele kidogo ya tundu hilo, tita linapita sentimita 4 hivi chini ya paipu ya mafuta. Niliache?

Mzee wa Mega

Hapo una makosa mawili. Nyaya zikae juu ya paipu au usawa wake, si chini, ili paipu ikivuja isidondokee umeme. Na kanuni ya jumla ni sentimita 15. Panapokuwa finyu inakubalika kusogea karibu zaidi, lakini tita lishikwe kwa klampu imara zisizoruhusu lisogee, na isishuke chini ya milimita 13 kamwe. Usifunge tita kwenye paipu yenyewe kana kwamba ni nguzo.

Angalia mchoro wa mtengenezaji kwanza. Kama kiwandani lilipita juu, basi kuna mtu alilishusha, na huenda ndipo klampu ya tundu lako ilipopotelea. Kama ni mpangilio wa kiwandani, usiuhamishe kwa akili yako. Mwandikie mtengenezaji na umsubiri. Mhandisi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) atakayesaini aone kabla paneli haijafungwa, na weka kwenye logi kurudi kuangalia baada ya saa 25.