Kaya inayohojiwa miaka 20: ilipwe, itibiwe, au iletewe majibu?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kuna vijiji Tanzania, Kenya na Uganda ambako kila nyumba ina namba ya utafiti, na mtoto akizaliwa haipiti muda naye anaandikiwa yake. Mdodosaji hupita mlangoni mwaka baada ya mwaka: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kaolewa hapa. Kilifi, pwani ya Kenya, kazi hii ilianza mwaka 2000, na eneo lina watu zaidi ya laki mbili na nusu. Kisesa, kule Magu, walianza 1994. Kilombero na Ulanga nao ni wa miaka ya 1990. Watu wazima wenye watoto wao leo wamekua ndani ya madaftari haya.

Kinachobishaniwa ni jambo moja: watu hawa wakichoka, wabakizwe kwa njia gani? Wapo wanaosema walipwe kama wafanyakazi wengine, wapo wanaotaka familia nzima itibiwe bure. Na wapo wanaoshikilia kwamba wasipewe kitu, kwa sababu ukimpa maskini fedha umeinunua ridhaa yake.

Msimamo wangu nautoa mapema. Deni kubwa la watafiti kwa kaya hizi ni majibu. Mzunguko mpya wa maswali usianze kabla wananchi hawajaambiwa maswali ya nyuma yalizaa nini.

Niliifanya kazi ya udodosaji kwa miaka sita, kwanza na madodoso ya karatasi kwenye mfuko wa nailoni, baadaye na kishikwambi. Mradi siutaji, kijiji sikitaji. Kulikuwa na bibi mmoja aliyenipokea vizuri kuliko wote. Kigoda kilikuwa kinatoka ndani kabla sijamaliza kupiga hodi. Mwaka wa pili akaniuliza, "Mjukuu wangu, ile damu mliyonitoa kidoleni, ilisemaje?" Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba inachambuliwa makao makuu. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikampa jibu lile lile. Mwaka wa nne hakuuliza. Nilikuta mlango umerudishwa, moshi unatoka jikoni, na mtoto kasimama uani ananiambia bibi kaenda shamba. Nilirudi mara tatu. Kwenye dodoso kulikuwa na nafasi ya amehama, amefariki, amekataa na hayupo. Nikajaza "hayupo", na mpaka leo najua niliandika uongo.

Wazee walisema akufukuzaye hakwambii toka. Watafiti wa Kilifi waliitumia methali hiyo hiyo mwaka 2015 walipoandika juu ya kukataa kimya kimya: mtu anakubali kwa heshima ya mgeni, au kwa sababu mwanawe anapata matibabu, kisha anaanza kumkwepa mgeni. Kwenye takwimu anaonekana ni mtu asiyepatikana tu. Pwani, ambako habari za mumiani zimesimuliwa tangu enzi za mababu, damu inayochukuliwa bila maelezo haikai bila kupata maelezo yake mitaani.

Kwa nini nalia na jambo hili? Nitoe mfano wa Kilombero. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kusambazwa kwa wingi, kulikuwa na hofu ya kweli kwamba mtoto akikingwa na malaria akiwa mdogo atakosa kinga ya mwili, na kifo alichoepushwa akiwa na miaka miwili kitamkuta akiwa na minane. Hofu hiyo haijibiwi kwa maabara wala kwa utafiti wa miaka mitatu. Inabidi uwatafute wale watoto wakishakuwa watu wazima. Watoto 6,706 waliozaliwa kati ya Januari 1998 na Agosti 2000 waliandikishwa, wakatembelewa hadi 2003. Mwaka 2019 watafiti walirudi, wakapita vijijini na kupiga simu, wakapata habari za 5,983. Ni 89 katika kila 100, baada ya miaka 16 ya ukimya! Majibu yakaonyesha kwamba walioripotiwa kutumia chandarua chenye dawa katika nusu ya ziara au zaidi walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 43 kuliko waliokitumia chini ya hapo. Na baada ya umri wa miaka mitano haikuonekana dalili kwamba vifo vilisogezwa mbele tu.

Sasa chukulia theluthi ya familia zile ingekuwa imechoka kama bibi yangu. Wanaopotea hawafanani na wanaobaki. Anayepotea ni binti aliyekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kijana aliyefuata machimbo, mama aliyeachika akarudi kwao na watoto wawili. Wanaobaki ni wenye shamba na paa la kudumu. Ukiwapima hao peke yao utaandika ripoti nzuri ya afya ya wilaya, nayo itakuwa ripoti ya waliotulia. Na binti yule wa Dar humpati mpaka mama yake akupe namba yake ya simu, namba ambayo hampi mtu anayemkimbia.

Wanaotaka malipo hupenda kutaja Dunedin, Nyuzilandi. Kule watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni, na walipofika miaka 45 walipimwa 938 kati ya 997 waliokuwa hai. Mradi huwalipia nauli hata walioko nchi za mbali ili warudi kupimwa. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Ila nauli si mshahara, na watu elfu moja si watu laki mbili na nusu. Nimeshuhudia mche mmoja wa sabuni ukigombanisha nyumba mbili, iliyochaguliwa na jirani yake ambayo haikuchaguliwa. Tukianza kugawa noti kila mzunguko, tutegemee na wanakaya hewa.

Matibabu nayaweka mahali pengine. Dawa isiwe chambo. Lakini ukimfunga mtu mzima kile kipimo cha presha mkononi, ukaona iko juu sana, ukaandika namba na kuondoka, hiyo siiti utafiti. Apewe rufaa siku hiyo hiyo, na mradi ugharamie safari ya kwanza ya zahanati. Hapa sioni cha kubishania.

Turudi kwenye majibu, maana ndiko moyo wangu uliko. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya kimelea cha Hib mwaka 2001, kimelea kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia kali. Kwa kuwa Kilifi walikuwa na daftari la wakazi lililounganishwa na wodi ya watoto, iliwezekana kuonyesha kwamba ndani ya miaka mitatu ugonjwa ulishuka kwa asilimia 88. Huo ni ushahidi mzito, na ulijengwa na akina mama waliotoka shambani kuja kujibu maswali yale yale kwa mara ya kumi. Kilifi wana wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi wenyewe kuzungumza na watafiti, na hilo nalipongeza. Ninachotaka ni habari ya namna hii iwe haki ya kila kaya, popote inapohojiwa, na isitegemee ukarimu wa mradi. Kamati za maadili, zile zinazoidhinisha utafiti, zisipitishe mzunguko mpya bila fungu la fedha za kurudisha majibu, na bila muhtasari wa mkutano wa kijiji uliofanyika kweli. Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data na ile ya Tanzania ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi zinampa mtu haki ya kujua taarifa gani zake zinatunzwa. Bibi yangu hakuwa akiomba hisani.

Na mdodosaji asibadilishwe kila msimu. Ukimwondoa anayejulikana, umeondoka na nusu ya milango.

Karibuni, nipingeni.

*

Nimerudi baada ya kusoma michango yenu ya siku tatu, na kuna matatu siwezi kuyapita.

Mdau wa Nairobi amenikumbusha Viwandani na Korogocho, mitaa ya mabanda ambako kaya zilianza kufuatiliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anasema kule hakuna mkutano wa kijiji, watu ni wapangaji, kodi ikipanda wanahama usiku, na anayekaa saa nzima kujibu maswali amepoteza kibarua cha asubuhi. Nakubali, hapo nililifunga jambo mapema. Mjini muda uliopotea ulipwe, kwa kiwango kinachotangazwa hadharani na kilicho sawa kwa wote. Majibu yaende kwa simu, kwa Kiswahili cha watu, kwa sauti kwa asiyesoma. Bado nasema fedha hiyo ifidie muda tu, isihesabiwe kwamba ndiyo majibu.

Muuguzi mmoja ameandika jambo lililoninyima usingizi: kijiji kikiwa na vifo vitatu mwaka mzima, ukasimama mkutanoni kusema kimoja kilitokana na Ukimwi, umeshamtaja marehemu na umeiumiza familia yake. Yuko sahihi kabisa. Idadi ndogo namna hiyo zisomwe kwa kata au tarafa, na majibu ya mtu binafsi apewe yeye peke yake, ndani, mlango umefungwa. Ningefurahi wauguzi wengine waandike mnavyofanya.

Hoja ya tatu siikubali hata kidogo. Mdau anasema ukiwaambia watu majibu watabadili tabia, na utafiti utaharibika. Ndugu yangu, tujikumbushe Tuskegee, Alabama. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wanaume 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unakwenda vipi bila tiba. Hawakuambiwa wanaumwa nini. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende, miaka ya 1940, hawakupewa. Na walibakizwaje miaka yote hiyo? Kwa usafiri, kwa chakula siku ya kupimwa, na kwa ahadi ya gharama za mazishi, ambayo kwa maskini wa Alabama ilikuwa kitu kikubwa. Ukihesabu kwa kigezo cha kubakiza watu tu, ule mradi ulifanikiwa. Wenye ugonjwa walikuja, walirudi, walizeeka ndani ya daftari, wengine wakafa kwa ugonjwa uliokuwa na sindano yake.

Ndiyo maana siridhiki ninapoona ripoti inajisifu kwamba kaya 95 katika 100 bado zipo. Nataka kujua zipo kwa sababu gani, na zinajua nini ambacho hazikukijua mwaka wa kwanza. Mama akiambiwa presha yake iko juu, akapunguza chumvi na kuanza dawa, takwimu zako zitabadilika. Mdodosaji aandike hivyo, mchambuzi naye alizingatie hilo, kazi iendelee.

Nawaomba sasa mliozaliwa kwenye maeneo haya, Kilifi, Magu, Kilombero, Rakai, Siaya, kokote. Andikeni mwaka ambao mtu alikuja kwenu mara ya mwisho akiwa na majibu mkononi badala ya maswali, na alikuwa nani: mdodosaji, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, au redio tu. Kama hakuna aliyewahi kuja, andikeni hivyo hivyo, na idadi ya miaka mliyohojiwa.